Laptopu inayolala macho wazi

Mama mmoja mkazi wa Plateau, kule Uasin Gishu, ametuletea swali ambalo bila shaka linawasumbua wazazi wengi walio na watoto vyuoni. Alimnunulia bintiye laptopu ya mtumba, zile tunazoziita "ex-UK", katika duka moja mjini Eldoret. Muuzaji alikuwa ameiwekea mfumo wa Linux. Jioni moja binti alikuwa akiandika ripoti ya mafunzo yake. Usingizi ulipomzidi aliifunga laptopu bila kuizima, akaitia mkobani tayari kwa matatu ya alfajiri. Kulipopambazuka aliushika mkoba akaukuta una joto kama chungu kilichoepuliwa. Alipofika darasani betri ilikuwa imekwisha kabisa, na kurasa ambazo hakuwa amezihifadhi zilikuwa zimepotea.

Muuzaji alipoulizwa alisema kosa ni la Linux, akataka alipwe ili aiondoe na kuweka Windows. Fundi wa pili alisema kosa ni la betri, inunuliwe nyingine. Mama anauliza: alipie lipi kwanza, maana hela iliyobaki nyumbani ni ya karo?

Mama, usilipe chochote kwanza. Kuna majaribio matatu ambayo binti anaweza kuyafanya mwenyewe mezani, bila gharama ya hata shilingi moja, nayo yatamwambia mwenye kosa ni nani. Lakini ili ayaelewe majibu, sharti ajue laptopu hulala vipi.

Tuanze na mshtakiwa wetu. Linux ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoiamuru mashine nzima. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Ni programu huria: yeyote aweza kuinakili, kuisoma ndani na kuirekebisha bila kumlipa mtu. Ndiyo sababu wauza mitumba huipenda. Aina yake inayojulikana zaidi kwetu ni Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, na jina hilo ni neno la huko kusini mwa Afrika lililo ndugu wa damu wa neno letu "utu". Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili. Kwa hivyo programu huria si mgeni aliyeshuka jana Afrika Mashariki.

Hata hivyo muuzaji hakusema uongo mtupu. Linux ilizaliwa katika kompyuta za mezani, zilizochomekwa ukutani saa zote, na ilichukua miaka mingi kabla ya kujifunza maisha ya betri. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa utaratibu uitwao APM wa kuilaza kompyuta isipotumika. Mwaka 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakaleta ulio bora zaidi, ACPI. Katika utaratibu huu kila mashine hubeba ndani yake majedwali yaliyoandikwa na aliyeiunda, yanayoueleza mfumo endeshi namna ya kuzima skrini, kupunguza mwendo wa feni, kupima betri na kulala. Wazo zuri, ila viwanda vingi viliyajaribu majedwali hayo kwa Windows pekee. Yakifanya kazi huko, mashine husafirishwa. Wanaoandika Linux walibaki wakikisia, modeli kwa modeli, kwa nini laptopu hii huamka na ile huzimia.

Wala si bahati mbaya tu. Katika kesi moja dhidi ya Microsoft iliyosikizwa jimbo la Iowa, Marekani, ilitolewa barua pepe ya Bill Gates ya Januari 1999 ambamo alikuwa akiwaza kama ACPI isingeweza kufanywa iwe ya Windows pekee, kwa vile aliona Linux ingefaidika bure na kazi yao. Wazo hilo halikutimia na ACPI ikabaki wazi kwa wote, lakini msomaji aweza kuona hali ya hewa ya siku zile.

Mambo yalibadilika sana mwaka 2007. Hadi wakati huo kiini cha Linux kilikuwa kikiiamsha prosesa mara 250 au hata 1,000 kila sekunde kuuliza kama kuna kazi, kama mtoto asiyelala anayemtingisha mama yake, "Mama, kumekucha?" Prosesa ikiamshwa hivyo haipati usingizi, na isiyopata usingizi hula betri. Toleo la 2.6.21 la mwaka huo liliondoa kengele hiyo kwa kompyuta nyingi, na Intel ikatoa programu ya powertop ambayo huwataja mmoja mmoja wanaoisumbua prosesa. Zilipoanza kutajwa hadharani, programu nyingi zilirekebishwa upesi. Aibu nayo ni fundi.

Hapa jirani za Plateau watanisamehe. Kule Kaptagat, wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wa marathoni, kuhifadhi nguvu ni kukimbia kwa mwendo ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Prosesa mara nyingi hufuata kanuni nyingine. Hufanana zaidi na mvunaji anayejua mvua inakuja: afadhali amalize shamba mbio, kisha ajilaze moja kwa moja. Kinachokula betri zaidi ni kazi ndogo ndogo zisizokwisha, kama kurasa 20 za intaneti zilizoachwa wazi, kila moja ikijisasisha yenyewe.

Sasa tuje kwenye usingizi wenyewe, maana humo ndimo ripoti ya binti ilimopotelea. Laptopu ina namna tatu za kulala.

Ya kwanza ni kusinzia. Skrini huzimwa na programu husimamishwa, lakini mashine yenyewe haijazimwa sehemu zake kuu. Inategemea kila kipande kikubali kutulia chenyewe. Kimoja kikikaidi, tuseme kadi ya intaneti au kadi ya picha, mashine hubaki na joto ndani ya mkoba usiku kucha. Linux huita hali hii s2idle.

Ya pili ni kulala hasa. Kila kitu huzimwa isipokuwa kumbukumbu ya RAM, ambayo hunyweshwa umeme kidogo tu ili isisahau ulichokuwa ukiandika. Hii huitwa deep. Betri ikimalizika kabla hujaamka, kumbukumbu hupotea, na kazi isiyohifadhiwa hupotea nayo.

Ya tatu ni usingizi wa pono. Mashine hunakili kumbukumbu yote kwenye diski, halafu hujizima kabisa. Hailambi hata tone la betri, na unaweza kuiacha wiki nzima. Ubaya wake ni kwamba inahitaji nafasi ya kutosha kwenye diski, na mashine nyingine huamka vibaya. Kwa sababu hiyo Ubuntu iliacha kuiwasha yenyewe tangu toleo la 12.04 la mwaka 2012, na kuipata leo huhitaji mtu anayejua anachokifanya. Mimi nasikitika, kwa kuwa huo ndio usingizi uliowafaa zaidi watu wa sehemu ambazo stima huenda na kurudi.

Binti na aanze hivi. Achaji betri ijae, achomoe chaja, aandike asilimia anayoiona kwenye karatasi, afunge kifuniko na kuiacha saa 1 juu ya meza, si mkobani. Baadaye afungue na kulinganisha. Ikipungua asilimia 1 au 2, mashine imelala. Ikipungua 8 au zaidi, ilikuwa macho au ikisinzia vibaya. Na akikuta feni inavuma hata kabla hajafungua, basi haikulala kabisa. Aende kwenye mipangilio ya nguvu ya umeme ahakikishe kwamba kufunga kifuniko kunamaanisha kulala. Kuna wauzaji ambao hukigeuza kipengele hicho ili mashine ionekane inaamka haraka dukani. Tena akumbuke kwamba laptopu iliyounganishwa na skrini ya nje kwa kawaida haiendi kulala hata kifuniko kikifungwa.

Jaribio la pili ni la kujua mashine ina usingizi gani. Afungue dirisha la kuandikia amri, aandike cat /sys/power/mem_sleep kisha abonyeze Enter. Ataona neno moja au mawili, na lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika. Kama ni deep, vizuri. Kama yapo yote mawili na mabano yako kwenye s2idle, kuna uwezekano wa kubadilisha, na hiyo ni kazi ya dakika 5 kwa fundi anayeijua Linux. Kama lipo s2idle peke yake, mashine yenyewe haikupewa usingizi wa pili, au umefichwa katika mipangilio ile inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka.

Hilo la kufichwa si mzaha. Mwaka 2018 kampuni ya Lenovo ilitoa ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha 6 bila usingizi wa pili. Watumiaji wa Linux walilalamika, na baadaye mwaka huo huo Lenovo ikaongeza katika mipangilio hiyo kipengele cha kuchagua aina ya usingizi, upande mmoja Windows na upande mwingine Linux. Chimbuko la yote ni mtindo ulioletwa na Windows 8 mwaka 2012, wa kutaka laptopu ifanane na simu: iwe imelala lakini inapokea ujumbe. Simu iliundwa kwa maisha hayo. Laptopu nyingi hazikuundwa, na hata wenye Windows wamewahi kutoa mkobani mashine ya moto. Kwa hiyo mama, kumlipa mtu aweke Windows si dawa ya mkoba wenye joto.

Tena uangalie jambo lingine kabla ya kufungua kibeti. Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo hudai prosesa za karibuni, kwa Intel nyingi zikiwa ni kuanzia kizazi cha 8 kilichoanza kutoka mwaka 2017, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Laptopu ya mtumba iliyo nzee kuliko hapo itawekewa mfumo uliokwisha kuachwa, au mpya kwa njia za panya. Linux haina sharti hilo.

Jaribio la tatu ndilo la betri, na hapa fundi wa pili huenda ana haki yake. Binti aandike upower -d. Katika orodha ndefu itakayotoka atafute mistari miwili: energy-full-design, yaani kiasi ilichokuwa ikibeba ilipotoka kiwandani, na energy-full, yaani kiasi inachoweza kubeba sasa. Tuchukue mfano wa hesabu. Betri iliyotoka na wati-saa 48, kwa mashine inayokula wati 12, ingemfikisha saa 4. Ikiwa imechakaa na kubaki na 24, atapata saa 2 tu. Mashine hiyo ikisinzia vibaya na kula wati 2 ndani ya mkoba, saa 12 zinatosha kuimaliza, hata kama ilijaa pomoni wakati wa kufungwa. Ikilala vyema kwa nusu wati, betri ile ile iliyochakaa itahimili saa 48. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ripoti ya jioni itafika darasani asubuhi, na haikununuliwa dukani.

Kama energy-full iko chini ya nusu ya ile ya kiwandani, betri mpya itasaidia, lakini baada ya usingizi kurekebishwa. Kama bado iko juu ya robo tatu, fundi anataka kukuuzia tu.

Matumizi ya mchana nayo yanaweza kupunguzwa. Mara nyingi mlaji mkubwa ni skrini. Kuishusha mwangaza hadi nusu kunaleta faida kuliko programu yoyote ya kupakua. Kwenye menyu ya pembeni ya Ubuntu kuna hali ya kuokoa nguvu, na ibonyezwe mara chaja inapochomolewa. Anayependa kuchimba zaidi aweza kuweka programu iitwayo TLP, kazi ya Mjerumani Thomas Koch, ambayo hupanga diski, intaneti na milango ya USB ijizime ikiwa haitumiki. Ila asiiweke juu ya ile programu ya hali za nguvu inayokuja na Ubuntu bila kuiondoa. Wapishi wawili kwenye sufuria moja hawaelewani, mmoja anatia chumvi mwingine anatoa.

Kuna swali moja ambalo wataalamu wa ng'ambo hulijibu haraka mno. Betri za lithiamu huchakaa upesi zikikaa zimejaa kabisa, na zaidi zikiwa na joto. Kwa sababu hiyo hushauriwa zisichajiwe kupita asilimia 80. Laptopu nyingi za kibiashara, hasa ThinkPad, huiruhusu Linux kuweka mpaka huo. TLP hufanya hivyo, na tangu toleo la 48 la mwaka 2025, mazingira ya GNOME yanayotumiwa na Ubuntu yana kitufe chake katika mipangilio, iwapo mashine inakubali. Joto si tatizo kubwa kwa mtu wa Plateau. Uwanda ule uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na baridi yake ya jioni ni rafiki wa betri. Mwenzake wa Mombasa anaona cha moto.

Lakini ushauri wa asilimia 80 ulitungwa na watu ambao stima yao haipotei. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na Kenya nzima ikakosa umeme. Tumbili alinusurika. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani tena, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Sitaji kukatika kwa kawaida, kule kwa kila mvua yenye upepo, ambako hakuandikwi gazetini. Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayekaa na chaja ukutani siku nzima aweke mpaka wa 80. Wiki ya mitihani, au mawingu yakianza kujikusanya, auondoe na kuijaza. Betri hununuliwa ili itumike, si ili itunzwe kama vyombo vya kabatini vya wageni.

Tena binti aiambie programu yake ya kuandikia ihifadhi kazi yenyewe kila dakika 5. LibreOffice ina kipengele hicho katika mipangilio yake ya kuhifadhi. Hata usingizi ukiharibika, atakachopoteza ni aya moja tu.

Mkiishia kununua betri, msinunue kwa kuangalia karatasi iliyobandikwa juu. Nendeni na laptopu yenyewe, itiwe betri mbele yenu, muandike upower -d kabla ya kutoa pesa, na msome ile mistari miwili. Betri mpya ya kweli itaonyesha namba zinazokaribiana. Muuzaji anayekataa jaribio hilo la dakika 2 amekwisha kuwajibu.

Na ile ya zamani itazamwe kwa makini itakapotolewa. Kama imevimba, au kama sehemu ya kuwekea viganja kwenye laptopu imeanza kuinuka, isichajiwe tena hata siku moja, isitobolewe, wala isitupwe motoni pamoja na mabua ya mahindi. Lithiamu ikishika moto ni vigumu kuizima. Iwekwe peke yake mahali pakavu nje ya nyumba, mbali na watoto, hadi ifikishwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Nairobi kuna WEEE Centre inayofanya kazi hiyo, na fundi mwaminifu wa Eldoret ataweza kuwaelekeza kwa mkusanyaji aliye karibu nanyi.